Somo la Kumi na Nne: Mkutano Usio na Mlango

Juma lililopita tulizungumza habari ya mawimbi ya redio, jinsi yanavyoondoka mlingotini mpaka yakafika nyumbani kwako. Leo tutayahitaji tena, lakini kwa swali jingine. Watu wa jeshi na watu wa elimu wamezoea kukutana kusema habari ya vyombo vyenye mbio kuliko vyote viendavyo hewani. Basi ukumbi wao ukifungwa kwa sababu ya maradhi, je, mkutano wao waweza kupitishwa katika waya? Na kama hauwezi kupita wote, ni sehemu gani inayobaki nje?

Swali hili si la kubuni. Katika mji wa Huntsville, jimbo la Alabama, Marekani, hufanywa kila mwaka mwezi wa Agosti mkutano mkubwa wa mambo ya anga na kujikinga na makombora. Hukutania katika jumba lililopewa jina la Wernher von Braun, yule fundi wa roketi Mjerumani aliyehamia mji huo mwaka 1950. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umeenea ulimwengu mzima. Agosti ilipofika jumba halikutumika. Mkutano ulifanywa kwa intaneti, kila mtu kwake mbele ya kompyuta yake.

Sasa tazama jambo hili. Tarehe 19 Machi mwaka ule ule, siku 8 tu baada ya tangazo lile, jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani walirusha chombo cha majaribio kutoka kisiwa cha Kauai, Hawaii, nacho kikaenda kwa mwendo uliozidi mara tano mwendo wa sauti. Chombo kiliweza kusafiri. Watu wa kukizungumza ndio waliozuiwa.

Tuanze na chombo chenyewe, maana bila kukielewa hatutaelewa kwa nini mkutano wake una bawabu mlangoni.

Umepata kusimama upande mmoja wa bonde ukamtazama mtu akikata mti upande wa pili? Unaona shoka limekwisha kushuka, na mlio waja baadaye. Mwanga umefika mara moja, lakini sauti imechelewa njiani. Sauti hutembea hewani karibu mita 340 kwa sekunde. Mkata mti akiwa umbali wa kilomita moja, mlio wake utakufikia baada ya sekunde tatu hivi. Huko juu, hewa ilipo baridi, sauti hupunguza mwendo, hufika karibu mita 300 tu.

Chombo kikienda kwa mara tano ya mwendo huo au zaidi, wataalamu wanasema kinakwenda kwa mwendo wa haipasoniki. Yaani mita 1,500 mpaka 1,700 kwa kila sekunde moja. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa, kwa mstari ulionyoka, ni karibu kilomita 440. Chombo cha namna hii kingeumaliza mwendo huo kwa dakika nne au tano. Maji ya chai hayajachemka.

Neno hilo la haipasoniki lilianza kutumika mwaka 1946, katika maandiko ya mtaalamu Mchina aliyekuwa akifanya kazi Marekani, jina lake Qian Xuesen. Mshike jina hili, tutalirudia.

Mtu ataniuliza, Mwalimu, roketi si zinakwenda hivyo tangu zamani? Ni kweli. Tarehe 24 Februari 1949, katika jangwa la New Mexico, Wamarekani walipandisha roketi ndogo juu ya roketi kubwa ya Kijerumani, na ile ndogo ikaupita mwendo huo. Hata wazee wa Ngomeni, karibu na Malindi, walioziona roketi zikirushwa kutoka majukwaa ya baharini kati ya mwaka 1967 na 1988, wameviona vyombo vilivyouvuka mwendo huo vikipeleka setilaiti juu. Mbio peke yake si jambo jipya. Jambo jipya ni kugeuka.

Kombora la kawaida la masafa marefu huenda kama jiwe lililotupwa. Jiwe likisha kutoka mkononi, mtoto mwerevu aweza kukuambia litaangukia wapi. Kombora kama hilo hupanda juu sana, likaonekana kwa radar kutoka mbali, na mwenye kulingoja akapiga hesabu. Lakini hivi vyombo vipya hukaa chini zaidi, ndani ya hewa, navyo hukata kona kama mwewe aliyeona kifaranga. Tena, kwa kuwa dunia ni mviringo, radar iliyo ardhini haikioni chombo kilicho chini mpaka kimekaribia. Basi mtu mwenye kuamua, awe rais au jemadari, hana hakika kinakwenda mji gani, na dakika alizo nazo za kufikiri zimepunguzwa. China ilionyesha kombora la namna hii, liitwalo DF-17, katika gwaride la Beijing tarehe 1 Oktoba 2019. Urusi nayo ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba chombo chake Avangard kimekwisha kuingia kazini. Ndiyo sababu mikutano ya mambo haya ilikuwa na watu wengi na hofu nyingi ulipoingia mwaka 2020.

Na kwa nini wakutane? Kwa sababu kazi hii ni ngumu, haimalizwi na fundi mmoja. Ugumu wake mkubwa ni joto.

Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma kwa nguvu mara kadhaa. Gusa upande wa chini wa pampu: ina moto. Wengi hudhani ni kwa sababu ya vyuma kusuguana. Kusuguana kupo, lakini moto mwingi watoka katika hewa iliyobanwa. Sasa fikiri chombo kinachoisukuma hewa iliyo mbele yake kwa mwendo ule. Hewa haina nafasi ya kupisha, yabanwa ghafula, yawaka. Tarehe 3 Oktoba 1967 rubani William Knight wa Marekani aliirusha ndege ya X-15 mpaka kilomita 7,274 kwa saa. Ndege ile ilikuwa ya chuma kigumu cha kuvumilia joto na ilikuwa imepakwa rangi ya kuikinga, hata hivyo ilirudi sehemu ya chini ya mkia wake imetobolewa na moto. Haikuruka tena. Tarehe 11 Agosti 2011 chombo kingine cha majaribio cha Marekani, HTV-2, ambacho hakikuwa na mtu ndani, kilipotea baharini baada ya dakika tisa hivi. Wachunguzi walisema ngozi yake ilibambuka vipande vikubwa.

Tena kuna ajabu moja inayotuhusu sisi watu wa redio. Hewa ikipata moto kupita kiasi, chembe zake huvunjika na kuwa na umeme, zikakizunguka chombo kama blanketi, na mawimbi ya redio yakashindwa kupenya. Alipokuwa akirudi duniani tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga John Glenn hakusikika kwa dakika kadhaa. Hakuna mtambo ulioharibika. Hewa yenyewe ilikuwa imefunga mlango.

Basi mjuzi wa chuma hajui mambo ya redio, mjuzi wa redio hajui mambo ya upepo, na mjuzi wa upepo hajui chuma gani kitapasuka. Hapana budi wakae pamoja. Na jambo lenye faida kuliko yote katika kikao chao ni mtu kusimama na kusema, sisi tulijaribu njia hii na ikatushinda. Kwa neno hilo mwenzake ameokoa kazi ya miaka miwili. Lakini neno hilo hilo likimfikia adui, naye ameokoa miaka miwili. Hapo ndipo anapoingia bawabu.

Sheria ya Marekani juu ya jambo hili ni kali kuliko watu wengi wanavyodhani. Haizungumzi habari ya mizigo bandarini tu. Ukimwonyesha mgeni mchoro wa silaha, au ukimweleza kwa mdomo jinsi ya kuitengeneza, hata kama mmekaa katika chumba kimoja nchini Marekani, umehesabiwa kuwa umeipeleka nje ya nchi. Kwa hiyo mikutano ya elimu hii hugawanywa. Kuna vikao vya wazi, mgeni yeyote aliyelipa kiingilio aingia. Kuna vikao vya raia peke yao, na bawabu hutazama karatasi za kila mtu. Na kuna vikao vya siri kabisa, katika vyumba vilivyojengwa kwa kazi hiyo, ambapo simu yako ya mkononi huachwa nje katika kisanduku kabla hujaingia.

Hebu hesabu kazi alizokuwa akifanya bawabu yule bila mtu kumshukuru. Alijua nani ameingia. Alijua nani hakuingia. Alijua kwamba aliyeingia hakubeba chombo cha kunasia sauti. Na milango ilipofungwa, kila aliyekuwamo aliweza kugeuza shingo akaona nyuso zote. Ukumbi wenyewe ulikuwa mlinzi.

Mwaka 2020 ukumbi uliondoka. Kwa vikao vya wazi hapakuwa na shida kubwa. Chama cha wahandisi wa ndege na vyombo vya anga cha Marekani, AIAA, kiliuhamishia katika intaneti mkutano wake mkubwa wa mwezi wa Juni. Hotuba zilisomwa, michoro ilionyeshwa, maswali yaliandikwa badala ya kuulizwa kwa mdomo. Kwa maoni yangu jambo hili lilikuwa na heri yake: mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda Marekani, wala fedha za hoteli, aliweza kuwasikiliza mabingwa akiwa kwao.

Vikao vya siri ni habari nyingine. Sauti yako ikiingia katika intaneti hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikapewa anwani kama bahasha, kisha kikafumbwa kwa hesabu ili atakayekinasa njiani asielewe neno. Mafumbo ya siku hizi ni imara, kuyafumbua bila ufunguo ni kazi isiyo na mwisho. Watu wengine waliposikia hivyo walisema, basi hatuna hofu. Lakini fumbo hulinda njia, halilindi nyumba. Barua yaweza kusafirishwa katika sanduku la chuma kutoka Washington mpaka Huntsville, na ikifika ikafunguliwa mezani mbele ya dirisha, na jirani akaisoma. Nani yuko nyuma ya kompyuta? Nani amesimama kando yake, asipoonekana? Simu iliyo mezani inanasa nini? Maswali hayo bawabu aliyajibu kwa macho yake mawili, na hakuna fumbo liwezalo kuyajibu.

Kwa sababu hiyo sheria haikuruhusu mambo yaliyopigwa chapa ya siri yapite katika intaneti ya kawaida, korona au si korona. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina mtandao wake wa mambo hayo, uitwao SIPRNet, nao kwa kawaida hufikiwa katika majengo yanayolindwa. Kwa kazi zisizo za siri wizara ilifungua upesi utumishi mpya wa kukutania, na katikati ya Aprili 2020 watu zaidi ya 900,000 walikuwa wamekwisha kuandikishwa. Mwezi huo huo iliwakataza watumishi wake kutumia Zoom ile ya bure, maana wakati ule wageni wasioalikwa walikuwa wakijitokeza katika mikutano ya shule na ya makanisa na kufanya fujo. Lakini waliokuwa na siri za joto, za chuma na za kukata kona walingoja, au walikwenda wachache wachache katika vyumba vile vya visanduku vya simu.

Waliofikiri tahadhari hiyo ni woga walipata jibu kabla ya mwaka kwisha. Tarehe 20 Novemba 2020 mawaziri wa ulinzi wa nchi za Umoja wa Ulaya walikuwa na kikao cha faragha kwa picha na sauti katika intaneti. Siku hiyo picha ya waziri wa ulinzi wa Uholanzi akiwa kazini ilitiwa katika mtandao wa Twitter. Ndani ya picha, kwa mwenye macho makali, ilionekana anwani ya kikao na tarakimu 5 kati ya tarakimu 6 za namba ya siri. Tarakimu iliyobaki yaweza kuwa ngapi? Kutoka sifuri mpaka tisa, ni majaribio kumi kwa wingi wake. Mwandishi wa habari Daniël Verlaan alijaribu, na mara akawa miongoni mwa mawaziri, uso wake katika kioo, akiwapungia mkono. Mwenyekiti, Josep Borrell, alimwuliza yeye ni nani, kisha akamwambia kwamba kuingia hivyo ni kosa la jinai na afadhali aondoke kabla polisi hawajafika. Verlaan akaomba radhi, akaaga, akatoka. Watu walicheka. Mimi nilipoisikia habari hii nilifikiri juu ya mtu wa pili, yule ambaye angeingia bila kuonyesha uso wala kupunga mkono.

Mtu huyo wa pili alipatikana baadaye. Tarehe 19 Februari 2024 maafisa wanne wa jeshi la anga la Ujerumani, mkuu wao akiwa mmoja wao, walizungumza kwa intaneti juu ya kombora lao Taurus. (Kombora hilo, kwa njia, haliendi hata kwa mwendo wa sauti, sembuse mara tano.) Mmoja wao alikuwa Singapore, ambako palikuwa na maonyesho ya ndege, naye aliingia kikaoni kwa njia ya mawasiliano isiyoruhusiwa. Waziri wao, Boris Pistorius, ndiye aliyeieleza dunia hivyo, kwa sababu tarehe 1 Machi mazungumzo yote, dakika 38, yalitangazwa na watu wa Urusi. Maafisa walifanya kama watu wanavyofanya siku zote: walisema kwa uhuru, kwa kuwa waliokuwa wakiwaona katika kioo walikuwa rafiki tu.

Nawe katibu wa chama cha ushirika, unayeitisha kikao cha kamati kwa simu, usidhani habari hizi ni za majemadari tu. Umepata kupeleka anwani ya kikao katika kundi lenye watu mia mbili? Umepata kupiga picha ya kioo ili kuonyesha kwamba wajumbe walihudhuria, na namba ikiwa juu pale, inasomeka?

Liko jambo moja zaidi lililobaki nje ya waya, nalo halikuwa siri ya serikali. Ni mazungumzo ya barazani. Wahandisi wawili wasiojuana husimama kungoja kahawa. Mmoja alalamika juu ya gundi inayoachia kwa moto, mwenzake acheka na kusema, kwetu pia. Katika intaneti hotuba ikiisha, kioo huzimika, kila mtu yuko peke yake jikoni kwake. Hotuba ziliokolewa na kuandikwa. Kile kicheko hakuna aliyekiandika. Nadhani ndiyo maana Agosti 2021, ugonjwa ukiwa bado haujaisha, watu walirudi Huntsville na kuingia tena katika jumba lao.

Sasa turudi kwa Qian Xuesen, niliyewaambia mshike jina lake. Mwaka 1950, wakati wa hofu ya ukomunisti, Wamarekani walimshuku, wakamnyang'anya ruhusa ya kuona mambo ya siri, wakamwekea mipaka ya kutembea kwa miaka mitano. Mwaka 1955 walimwacha aende kwao. Akapanda meli na familia yake, akafika China, akawa kiongozi wa kazi ya kutengeneza makombora ya nchi hiyo. Hapakuwa na intaneti, hapakuwa na Zoom. Mlango ulikuwa wa mbao na chuma, na bawabu alikuwa mkali kupita kiasi. Elimu ilitoka mlangoni imevaa koti, kwa sababu bawabu mwenyewe aliifukuza.

Saa yetu imekwisha. Kwa vikundi vya kusikiliza, hesabu ya juma hili ni hii. Kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa mstari ulionyoka ni karibu kilomita 400. Sauti ikienda mita 340 kwa sekunde, na chombo mita 1,700, kila kimoja kitatumia dakika ngapi? Kisha zungumzeni ninyi kwa ninyi: kama kikundi chenu kingetakiwa kesho kukutana kwa simu, ni habari gani mngezisema, na ni zipi mngengoja mpaka mkae tena chini ya mwembe? Andikeni majibu yenu upande mmoja wa karatasi. Juma lijalo tutasoma baadhi yake, tena tutaeleza radar inavyoona. Kwaherini.